Haya Isiyoponya: Lini Mwanamume Amwendee Bingwa wa Njia ya Mkojo

Imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba Sayyidna Ali bin Abi Talib, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alikuwa mtu wa kutokwa sana na madhii, yaani yale maji membamba yamtokayo mwanamume kabla ya manii. Jambo hilo lilimtaabisha kwa habari ya udhu na Sala. Lakini aliona haya kumwuliza Mtume Muhammad s.a.w., kwa sababu Bibi Fatima, binti yake Mtume, alikuwa mkewe. Je, alifanya nini? Hakunyamaza, wala hakwenda kuwauliza wasiojua. Alimtuma Mikdadi bin Aswad aulize kwa niaba yake, na Mtume s.a.w. akajibu kwa maneno machache yaliyo wazi, kwamba mtu wa namna hiyo aoshe uchi wake na atawadhe. Hakucheka, wala hakukemea.

Ndugu msomaji, iangalie vizuri habari hii. Haya ya Sayyidna Ali ilikuwa haya ya kweli, ile iliyo sehemu ya imani. Hata hivyo haikumzuia kuupata ujuzi aliouhitaji. Ilimbadilishia njia tu ya kuupata. Sisi tuishio katika nyanda hizi za kati, Dodoma, Mpwapwa, Kongwa, Manyoni na Singida, mara nyingi tumeyageuza mambo: haya tumeishika, ujuzi tumeuacha. Mtu huumwa korodani miaka miwili asimwambie hata mkewe, kisha akaenda kumweleza mchuuzi wa mizizi sokoni, tena mbele ya watu watatu waliosimama nyuma yake wakingoja zamu zao.

Basi mwezi huu tumependa kueleza ni wakati gani impasapo mwanamume kumwendea daktari kwa maradhi ya viungo vyake vya uzazi na mkojo, na ni daktari gani huyo.

Daktari tunayemkusudia huitwa bingwa wa urolojia. Kazi yake ni figo na mirija yake, kibofu, tezi dume, uume na korodani. Naye ni mpasuaji, ingawa wagonjwa wake wengi hawafikishwi kwenye kisu. Zamani mtu wa Ugogo aliyehitaji bingwa wa namna hii alipaswa kusafiri mpaka Muhimbili, Dar es Salaam, au KCMC, Moshi, na wengi walikata tamaa kabla ya kupanda gari. Leo mambo yamebadilika. Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ilianza kutoa huduma mwaka 2015, na mwaka 2018 ikaanza hata kupandikiza figo. Kwa hiyo udhuru wa umbali umepungua sana, ingawa haujaisha kwa mtu wa vijiji vya ndani.

Hata hivyo yafaa ieleweke kwamba bingwa si mlango wa kwanza. Mlango wa kwanza ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Na kila mmoja humpeleka mgonjwa mbele kwa barua ya rufaa pale ujuzi au vifaa vyake vinapofika mwisho. Mambo mengi tutakayoyataja hutibiwa na kumalizika kabla ya kufika kwa bingwa. Asiwepo basi wa kusema, "Mimi sina nauli ya kwenda kwa bingwa," akakaa nyumbani. Aanze na mlango alio nao.

MTOTO ASIPOPATIKANA

Namjua bwana mmoja, mkulima na mfugaji, mtu wa heshima katika kijiji chake upande wa mashariki ya Dodoma. Alioa kwa ng'ombe, kama ilivyo desturi ya Wagogo. Miaka mitatu ikapita bila mtoto. Wazee wakakaa kikao, wakasema mke ni tasa. Mke akarudishwa kwao, na ng'ombe wakaanza kudaiwa, jambo lililoleta chuki kati ya koo mbili zilizokuwa zikisaidiana kulima na kuvuna. Akaoa mke wa pili. Miaka minne ikapita, na mtoto hakuonekana. Katika muda huo yule mke wa kwanza aliolewa Manyoni akazaa mtoto wa kiume, kisha wa kike. Habari ilipofika kijijini, hakuna aliyethubutu kusema neno mbele ya bwana huyo; lakini kila mtu alijua kuhesabu.

Hatimaye alikwenda hospitali, na mazungumzo yake na daktari aliyasimulia mwenyewe.

"Mzee, umewahi kupimwa?"

"Mke wangu amepimwa mara tatu, Daktari."

"Nakuuliza wewe, mzee wangu."

"Mimi sina ugonjwa. Nguvu zangu ninazo."

Katika jibu hilo la mwisho ndimo lilimo kosa linalovunja nyumba nyingi. Nguvu za mwanamume ni jambo moja, na mbegu zake ni jambo jingine. Mtu aweza kuwa na nguvu kamili, na manii yake yakatoka kama ya mtu mwingine yeyote, kumbe ndani yake hamna mbegu hata moja. Kwani mbegu ni sehemu ndogo sana ya manii, na hazionekani kwa macho ila kwa hadubini. Na kinyume chake ni kweli pia: aliyepungukiwa nguvu aweza kuwa na mbegu nzima kabisa. Madaktari wanajua kwamba katika kila nyumba mbili zilizokosa mtoto, karibu moja ina sababu upande wa mume, ama yeye peke yake ama pamoja na mkewe. Kumpima mke mara tatu na mume asipimwe hata mara moja ni kama kutafuta kitu kilichopotea katika chumba kimoja tu cha nyumba ya vyumba viwili.

Wala hili si geni kwa wenye kusoma habari za Manabii. Nabii Zakaria a.s. alipomwomba Mola wake mtoto katika uzee wake, Kurani Tukufu yatusimulia kwamba alianza kwa kutaja udhaifu wake mwenyewe, kwamba mifupa yake imelegea na kichwa chake kimejaa mvi. Kisha ndipo alipotaja kuwa mkewe ni tasa. Hakuanza na mke.

Mtu anaweza kuuliza: Tungoje muda gani kabla ya kwenda? Jibu ni mwaka mmoja wa kukutana mara kwa mara bila kutumia kinga yoyote ya uzazi. Mke akiwa amepita miaka 35, isizidi miezi 6. (Wanazuoni wengi wa sheria nao walimpa mume asiyeweza kumwingilia mkewe muda wa mwaka mmoja kabla ya mke kupewa haki ya kutengana naye, wakisema kwamba misimu yote minne impitie. Masuala ni mawili tofauti, lakini kipimo cha mwaka kinapendeza kukikumbuka.) Tena wako wasiopaswa kungoja hata huo mwaka: aliyezaliwa na korodani isiyoshuka, aliyevimba korodani kwa matumbwitumbwi baada ya kubalehe, aliyepata jeraha au kupasuliwa sehemu hizo, na aliyetibiwa saratani. Hawa waende mapema, mume na mke pamoja, siku moja.

Kipimo cha kwanza ni cha manii. Hapa baadhi ya ndugu zetu husita, wakiuliza manii hayo yatapatikanaje pasipo kuvunja adabu ya dini. Swali hili ni la haki, na daktari mwenye busara hatalicheka. Yawezekana kuyapata kwa msaada wa mke, katika faragha yao. Na baadhi ya hospitali huweza kutoa mpira maalumu kwa kazi hiyo. Mipira ya kawaida ya dukani haifai, kwani huharibu mbegu na kipimo kikasema uongo. Yatakiwa mume awe amejizuia si chini ya siku 2 wala zaidi ya siku 7, na chombo kifike maabara katika muda wa saa moja, kikitunzwa katika joto la mwili, mfukoni karibu na ngozi, si katika barafu. Kwa mtu wa kijiji kilicho kilomita 60 kutoka mjini, maana yake ni kwamba yeye na mkewe walale mjini usiku ule. Afadhali gharama ya chumba kimoja kuliko kipimo cha bure.

Kipimo kimoja hakitoshi kumhukumu mtu, maana hesabu ya mbegu hupanda na kushuka. Hurudiwa angalau mara moja zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeweka mbegu milioni 16 katika mililita moja kuwa mpaka wa chini. Lakini mpaka huo si ukuta. Wako waliozaa wakiwa chini yake, na wako walio juu yake ambao bado wanangoja.

Iwapo mbegu ni chache au hazipo kabisa, hapo ndipo bingwa anapohitajiwa hasa. Sababu iliyo ya kawaida kupita zote zinazotibika ni kuvimba kwa mishipa ya damu iliyo juu ya korodani, mara nyingi ya kushoto. Madaktari huiita varikosili. Ukisimama, huhisiwa kama minyoo iliyokunjamana ndani ya mfuko, ukilala, hupungua. Wanaume kama 15 katika 100 wanayo, na wengi wao wana watoto; lakini miongoni mwa wanaume waliokosa mtoto wa kwanza, idadi hufika 35 hadi 40 katika 100. Hutengenezwa kwa upasuaji mdogo. Sababu nyingine ni njia ya mbegu kuzibwa na makovu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa ya siku za ujana. Hapo korodani hufanya kazi yake sawasawa, bali njia imefungwa, na bingwa aweza kutofautisha hali hii na ile ya korodani isiyozalisha, kwa kuzipima kwa mkono na kwa kupima damu.

Lipo na jambo moja ambalo vijana wa mjini yafaa walijue. Sindano za homoni ya kiume, wanazodungwa baadhi yao ili waote misuli au waongezewe nguvu, huuzuia mwili kutengeneza mbegu. Mtu hujiona dume zaidi, na kumbe hesabu yake inashuka kuelekea sifuri. Akiacha, kwa kawaida hurudi, lakini huchukua miezi mingi.

Mbegu moja huhitaji takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa. Kwa hiyo atibiwaye leo asitazamie badiliko katika wiki tatu, wala asimwite daktari mwongo. Kipimo cha kurudia huwa na maana baada ya miezi mitatu au zaidi.

HABARI YA NGUVU ZA KIUME

Ukipita barabara za Dodoma utaona vibao vilivyopigiliwa kwenye miti na nguzo za umeme, vikitangaza dawa ya nguvu za kiume pamoja na dawa ya kurudisha mpenzi, kupata kazi na kushinda kesi. Huyo mwenye kibao ana bahati ya ajabu, kujua mambo mengi kiasi hicho! Tena upo unga uitwao vumbi la Kongo, unaouzwa kwa siri iliyo wazi. Sisi hatusemi kwamba kila mti hauna dawa. Mwenyezi Mungu ameweka faida katika mimea, na hospitali zenyewe zinatumia dawa nyingi zilizotokana nayo. Tusemalo ni kwamba asiyejua ugonjwa hawezi kuchagua dawa.

Kupungua kwa nguvu kwa siku chache, kwa uchovu, msiba au deni, si ugonjwa. Lakini hali hiyo ikidumu miezi mitatu, mtu aende apimwe, kwa sababu mara nyingi si ugonjwa wa uume hata kidogo. Mishipa ya damu ya uume ni membamba kuliko ile ya moyo; kwa hiyo kisukari, shinikizo la damu, mafuta katika damu na sigara huanza kuiharibu hiyo kwanza. Mtu aliyepungukiwa nguvu akiwa na miaka 45 huenda akashikwa na moyo miaka michache baadaye. Ameletewa habari mapema, naye akaifukia chini ya unga. Katika nchi nyingi, unga na vidonge vinavyoitwa vya mitishamba vimepimwa vikakutwa vimechanganywa kwa siri na dawa ya hospitali iitwayo sildenafili. Dawa hiyo ikikutana mwilini na dawa za nitrati wanazopewa wenye maumivu ya moyo, shinikizo la damu laweza kuanguka ghafla, na mtu akafa. Dawa yenyewe ni nzuri, ikitolewa na daktari aliyeuliza kwanza habari za moyo wako.

Zahanati ndiyo ianze: sukari ipimwe, shinikizo lipimwe. Bingwa huitwa pale ambapo dawa hazikufaa, au uume umepinda na kuuma, au kuna jeraha.

Katika mlango huu tuseme pia kidogo juu ya neno ngiri. Watu wetu huita ngiri karibu kila maumivu yaliyo chini ya kitovu, na hata kukosa nguvu huitwa ngiri. Ngiri ya kweli ni utumbo kupenya katika udhaifu wa ukuta wa tumbo na kushuka katika kinena, pengine mpaka katika mfuko wa korodani. Busha ni kitu kingine: ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, maradhi yanayojulikana zaidi pwani kwa sababu ya minyoo ya matende, ingawa hupatikana hata huku bila minyoo hiyo. Yote mawili hutibiwa kwa upasuaji ambao hospitali ya wilaya huweza kuufanya. Lakini ngiri ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu na kuuma, na mtu akatapika, hiyo si ya kungoja kesho. Na uvimbe mgumu ndani ya korodani yenyewe, hata usipouma, hasa kwa kijana wa miaka 15 hadi 35, huenda ukawa saratani, ambayo ikiwahiwa hupona karibu daima.

MAMBO YASIYONGOJA ASUBUHI

La kwanza na kubwa ni maumivu makali ya ghafla katika korodani moja. Hutokea zaidi kwa wavulana wa miaka 12 hadi 18, mara nyingi usiku. Korodani imejisokota juu ya kamba yake, na damu haipiti. Huvimba, huenda ikapanda juu, na kijana hutapika. Ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya muda wa saa 6, kwa kawaida huokoka; kila saa inayozidi, tumaini hupungua; ikipita siku nzima, karibu daima imekwisha kufa. Hesabu hiyo imhusu mzazi aliye kijijini. Kijana amerudi na ng'ombe jioni, maumivu yakamshika saa mbili usiku. Akaona haya kumwambia baba. Baba akaambiwa alfajiri. Akaitwa mkanda wa tumbo. Gari likapatikana saa nne mchana. Korodani imekufa kwa haya peke yake. Wavulana waambiwe habari hii kabla haijawapata. Wala asitafutwe bingwa: mpasuaji yeyote wa hospitali ya karibu aweza kuifungua, na hapaswi kungoja picha wala vipimo vya siku mbili.

Kisha ni uume kusimama kwa muda unaozidi saa 4 bila matamanio na kwa maumivu. Huwapata hasa wenye ugonjwa wa selimundu, ambao ni wengi nchini mwetu, na wengine waliotumia dawa za nguvu. Damu iliyotuama huharibu nyama za ndani moja kwa moja. Kadhalika kushindwa kabisa kukojoa wakati kibofu kimejaa, na maumivu ya mbavuni yanayoshuka mpaka kinenani yakiandamana na homa na kutetemeka. Maumivu hayo ya mbavuni mara nyingi ni mawe ya figo. Huku kwetu kiangazi huanza Mei kikafika Novemba, jua ni kali, na mkulima huondoka asubuhi na kibuyu kimoja cha maji. Mkojo huwa mzito, na chumvi zake huganda zikawa mawe. Jiwe bila homa huweza kungoja miadi. Jiwe lenye homa haliwezi.

Mkojo wa damu nao, hata ukitoka mara moja tu na bila maumivu yoyote, lazima uchunguzwe. Kwa kijana mara nyingi ni kichocho, ugonjwa wa minyoo inayotoka kwa konokono wa maji yaliyotuama na kuingia kwa ngozi ya mtu aogaye au avuaye humo. Theodor Bilharz aliivumbua minyoo hiyo huko Kairo mwaka 1851, na mpaka leo ni tele katika mikoa ya Ziwa. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, watu wengi wamekuja kutoka huko, nao huweza kuwa nayo miaka mingi bila kujua. Dawa yake, prazikwanteli, ni rahisi kutumia. Ikiachwa, hukiharibu kibofu na yaweza kuzaa saratani. Kwa mtu mzima, hasa avutaye sigara, mkojo wa damu usio na maumivu ni jambo la kumwendea bingwa moja kwa moja kwa barua ya rufaa.

WAZEE NA TEZI DUME

Tezi dume iko chini ya kibofu, ukubwa wake kwa kijana ni kama tunda dogo la mnazi lililoanguka kabla ya kukua, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Umri ukipita miaka 50 huanza kuongezeka. Mzee huamka mara nne usiku. Husimama akingoja mkojo uanze. Ukianza, hutoka kidogo kidogo. Akimaliza, huhisi bado. Wengi husema, "Ni uzee tu, mwanangu." Si uzee tu. Mara nyingi ni kukua kwa kawaida, ambako dawa hukutuliza na upasuaji hukuondoa. Lakini pengine ni saratani, nayo saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume wa Tanzania. Ubaya wake ni kwamba mwanzoni haina dalili. Dalili za mkojo zinapokuja, au mgongo unapouma na miguu ikalegea, mara nyingi imekwisha kusambaa katika mifupa. Ndiyo maana haifai kungoja dalili: kuanzia miaka 50, na miaka 45 kwa aliye na baba au ndugu aliyeugua, mwanamume azungumze na daktari juu ya kupimwa damu kwa kipimo kiitwacho PSA.

Tumesikia wazee wakiapa kwamba hawatakwenda kwa sababu ya kipimo cha kidole. Mzaha mwingi umefanywa juu ya jambo hili katika vijiwe vya kahawa, na mzaha huo umewaua watu. Kwa kawaida huanzwa na damu. Kidole, kikihitajiwa, huchukua muda usiozidi kusoma Sura fupi, nacho hugundua uvimbe mgumu ambao damu pengine haikuuonyesha. Daktari hufanya hivyo kwa dharura ya matibabu, mlango ukiwa umefungwa. Na dharura ina hukumu yake katika sheria.

Kwa watoto wachanga tuseme mawili tu. Korodani isiyoonekana mfukoni mtoto akitimiza miezi 6, haitazamiwi kushuka yenyewe. Apelekwe, apasuliwe kabla ya miezi 18, kwa usalama wa uzazi wake wa baadaye na kwa kupunguza hatari ya saratani. Na mtoto ambaye tundu la mkojo liko upande wa chini wa uume, asitahiriwe kwanza, wala nyumbani, wala jandoni, wala hospitali, mpaka bingwa amwone. Kwa sababu ngozi ile ile inayokatwa ndiyo atakayoitumia kumtengenezea njia. Wako watoto waliotahiriwa kwa furaha wakiwa na siku saba, na baadaye ngozi ya kuwatengeneza ikakosekana.

Mwenye kwenda kwa bingwa achukue barua yake ya rufaa, majibu yote ya zamani, na kila dawa anayoitumia, hata ule unga wa sokoni, bila kuficha. Aandike kwenye karatasi tangu lini na mara ngapi. Mwenye haya nyingi ampe daktari karatasi hiyo aisome mwenyewe. Hiyo nayo ni namna ya kumtuma Mikdadi. Na akitaka daktari mwanamume, aombe mapema wakati wa kupangiwa siku.

Yule bwana wa mashariki ya Dodoma alikutwa na varikosili upande wa kushoto na mbegu chache. Alipasuliwa, akarudi nyumbani, na kwa wiki kadhaa hakubeba mzigo mzito. Alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, hesabu ilikuwa imepanda, ingawa haikufika mpaka. Nilipoonana naye mara ya mwisho mtoto alikuwa bado hajapatikana, na yeye na mkewe waliendelea kuhudhuria kliniki pamoja. Lakini kabla ya mavuno ya mtama alimchukua kaka yake mkubwa, wakaenda kwa wazazi wa mke wake wa kwanza. Akasema mbele ya wazee walewale kwamba neno la utasa alilomwambia binti yao halikuwa kweli, akaliondoa, na wale ng'ombe wawili waliobaki katika madai akawaacha.